Habari Ndogo za Mji Mdogo

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Leo naanza kwa kukiri kosa. Zamani kidogo, nilipokuwa kijana mgeni katika chumba cha habari, tulikuwa na mwandishi wetu wa wilayani, mzee mmoja mwalimu mstaafu. Kila juma barua yake ilifika kwa basi, imeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko ule wa kukokotwa wa watu waliochapwa vidole shuleni. Na habari zake zilikuwa hizi: mvua imenyesha siku tatu; darasa la pili limeezekwa mabati; wazazi wamekubaliana kuchimba choo cha shule; mzee fulani, yule aliyetoa shamba lake shule ijengwe, amezikwa jana alasiri, na watoto wa shule wameimba kaburini.

Mimi nilisoma, nikacheka, nikaitupa barua pipani. Nikawaambia wenzangu, "Hizi si habari." Siku hiyo tulikuwa na hotuba mbili za wakubwa za kutafutiwa nafasi.

Miaka ikapita. Asubuhi moja wakaja wazee watatu kutoka kijiji kile kile. Ametokea mtu, wakasema, anadai kwamba nusu ya uwanja wa shule ni shamba la babu yake. Wao wanajua kwamba lilitolewa na nani na lini, lakini barazani wanaulizwa karatasi. Daftari la shule limeliwa na mchwa. Mwalimu mwandishi ameshafariki. Wamekumbuka kwamba alikuwa akituletea habari sisi. Je, hatuna?

Nikaingia stoo, nikatoka na vumbi peke yake. Wakaniaga kwa adabu, wakanishukuru kwa taabu yangu. Hawakujua kwamba aliyetupa karatasi yao ndiye waliyekuwa wakimshukuru.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nilidhani methali hiyo ni ya wenye maduka. Tangu siku ile nimeelewa kwamba ni ya kila mtu, hata mwenye shule ya vyumba viwili. Na tangu siku ile nimekuwa nikipenda kuzisoma habari ndogo ndogo za zamani: nani alifaulu mtihani, nani alioa, ngoma gani ilichezwa, mvua ilinyesha lini. Kwa hiyo leo, kwa idhini yako, nitakupeleka Tanga, mwanzoni mwa karne ya 20, mahali ambapo habari za namna hiyo zilipata gazeti lake.

Wakati huo Tanga ilikuwa mji mdogo wa watu elfu chache. Leo ukisikia wenyeji wakijisifu kwamba mji wao ni wa "waja leo waondoka leo", unafikiri umekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Lakini mji ule ulikuwa ndiyo kwanza unabadilika. Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, walianza kujenga reli kutoka bandarini mwaka 1893. Ikaenda pole pole kama kobe: ilifika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyokuja kuiendesha Tanga kwa miaka mingi.

Sasa serikali yenye reli, forodha, mahakama na kodi inahitaji watu wa kuandika. Wadachi walikuwa wachache, na joto liliwashinda. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo walilazimika kuandikiana na maakida na majumbe kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, kwa kuwa hayo ndiyo maandishi ambayo watu wa pwani waliyajua. Tusisahau jambo hili, maana wengi tumefundishwa kwamba kusoma na kuandika kuliletwa na meli ya Mzungu. Watoto wa Tanga walikuwa wakienda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na ubao na wino, vizazi na vizazi kabla ya bendera ya Wadachi. Serikali ilitaka watoto hao hao waandike herufi nyingine, zile ambazo Mzungu mwenyewe angeweza kuzisoma bila kumtegemea mkalimani.

Ndipo shule ikafunguliwa Tanga mwaka 1892. Kwanza ilianzishwa na chama cha Wajerumani waliopenda makoloni, na mwaka uliofuata serikali ikaichukua. Hata neno lenyewe tulilipata kwao. Sisi wa bara na Mrima tunasema "shule" kwa sababu Wadachi walisema hivyo. Wazanzibari waliotawaliwa na Waingereza husema "skuli" mpaka leo. Kadhalika hela, tunayoitafuta mchana na usiku, ni sarafu ya Wadachi: tangu mwaka 1904 rupia moja ilikuwa na hela 100. Kila ukisema "sina hela ya ada ya shule" umetaja vitu viwili vya enzi ile katika sentensi moja.

Lakini wazazi wa Tanga hawakukimbilia kuandikisha watoto. Walikuwa Waislamu, na walichokijua juu ya shule za Wazungu ni kwamba mtoto huingia Juma akatoka Yohana. Serikali ikajaribu kuwatuliza kwa kumwajiri mwalimu wa Kurani afundishe ndani ya shule yake. Hapo wamisionari wakapiga kelele hadi Ujerumani: vipi serikali ya Kikristo imlipe mshahara mwalimu wa Kiislamu? Mpango ukaachwa. Kilichobaki ni shule isiyofundisha dini yoyote, na hiyo, ukitazama vizuri, ndiyo iliyowafaa watu wa Tanga. Mtoto alikwenda chuoni kwa dini yake na shuleni kwa kalamu ya serikali. Vita vile vya wakubwa vilizaa kitu ambacho hakuna mkubwa aliyekikusudia: darasa moja ambamo mtoto wa Kidigo, wa Kisegeju, wa Kibondei na wa mgeni kutoka bara walikaa pamoja, lugha yao ikiwa Kiswahili.

Shule ile ilikuja kuwa mama wa shule nyingine za serikali. Chini ya mwalimu mkuu Paul Blank, aliyekaa hapo miaka mingi, watoto walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu, jiografia na kuimba, na waliofika madarasa ya juu walijifunza Kijerumani kidogo. Walikuwapo wa mjini waliorudi kwao jioni, na walikuwapo wa bweni walioletwa kutoka mbali na maakida na majumbe, wengine kwa kupenda, wengine kwa amri. Palikuwa na karakana: useremala, uhunzi, kujalidi vitabu na kupiga chapa. Na palikuwa na bendi.

Bendi ile ngoja niieleze kidogo, maana wasikilizaji wengi wa vipindi vya muziki hawajui kwamba kuna deni hapa. Wavulana wa shule ya Tanga walifundishwa kupiga matarumbeta na ngoma za kijeshi ili wapige kwenye magwaride na sherehe za Wazungu. Sherehe kubwa kuliko zote ilikuwa tarehe 27 Januari, siku ya kuzaliwa kwa mfalme wa Wadachi, Kaiser Wilhelm wa Pili. Siku hiyo shule hufungwa, bendera hupandishwa, watoto hukimbia mbio na kuvutana kamba, wakubwa huketi kivulini, na jioni mji mzima hucheza ngoma.

Lakini watu wa pwani wakikuona unapiga tarumbeta hawataishia kukupigia makofi. Nao watalitaka. Huko Lamu na Mombasa ngoma ya beni ilikuwa imekwisha kuzaliwa katika miaka ya 1890, nayo ikateremka pwani yote na kuingia bara. Vikawa vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, kila kimoja na maofisa wake, vyeo vyake, mavazi yake na mashairi ya kukejeli upande wa pili. Karani aliyeinama mbele ya bwana mkubwa mchana kutwa, usiku alivaa mavazi ya ofisa na akapigiwa saluti na wenzake. Wazungu wengine walicheka, wakaona ni maigizo. Wengine hawakucheka, wakaweka wapelelezi. Nafikiri hao wa pili ndio waliokuwa na akili zaidi. Watu wanaoweza kujipanga mji kwa mji, kukusanya michango, kuzikana na kupeana habari kutoka Lamu hadi maziwa makuu hawachezi tu.

Haya, tufike kwenye gazeti. Katika karakana ile ya kupiga chapa, kuanzia mwaka 1904 na 1905, lilianza kutolewa gazeti la kila mwezi kwa Kiswahili, jina lake Kiongozi. Halikuwa gazeti la kwanza la Kiswahili. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wametoa Msimulizi huko Kiungani, Unguja, tangu mwaka 1888, kisha Habari za Mwezi huko Magila, katika nchi ya Bonde, si mbali na Tanga. Lakini hayo yalikuwa magazeti ya kanisa. Kiongozi lilikuwa la serikali, halikuchagua dini ya msomaji, na walioshika herufi za risasi na kuzipanga mstari kwa mstari walikuwa wanafunzi wenyewe.

Serikali ilikuwa na shabaha yake. Gazeti lilisifu ufalme, lilihimiza watu walipe kodi na waende mashambani kufanya kazi, na lilieleza amri mpya. Kama lingeishia hapo, leo lingekuwa karatasi ya kufungia karanga. Lakini gazeti halijazwi kwa amri peke yake. Linahitaji habari, na habari wanazo watu. Kwa hiyo Kiongozi likawategemea vijana waliokwisha kutoka shuleni na kutawanywa nchi nzima: makarani wa boma, walimu wa shule ndogo za vijijini, wakalimani, maakida. Kijana wa Tanga alijikuta Kilwa, mwingine Bagamoyo, mwingine Tabora, mwingine Ujiji, kila mmoja mgeni, hana ndugu, anatazamwa na wenyeji kwa jicho la pembeni kwa kuwa anakula chumvi ya Mdachi. Jioni akawasha taa, akachukua karatasi, akawaandikia wenzake kupitia gazeti.

Je, waliandika nini? Waliandika kama yule mzee wangu wa wilayani. Mvua zimechelewa. Nzige wamepita. Simba amekamata watu. Bei ya mchele imepanda. Bwana shauri mpya amefika. Shule yetu imefanya mitihani. Kulikuwa na arusi, kulikuwa na msiba. Ngoma ilichezwa siku tatu. Na salamu, ndugu yangu, salamu nyingi! Na wale wenye kipaji walituma mashairi, kwa vina na mizani, wakijibizana na kushindana. Mashairi ya enzi ile yaliyopatikana yalikusanywa na wataalamu na kutolewa kitabuni mwaka 2002, kwa jina la Kala Shairi.

Mtu atauliza, kuna nini hapo? Mimi naona kuna jambo kubwa. Tazama ramani ya nchi ile. Kutoka Tanga hadi Ujiji ni safari ya majuma na majuma kwa miguu. Watu wa huku na watu wa kule hawakuwahi kuwa na sababu ya kujua kama mvua ya wenzao imechelewa. Karani wa Kilwa alipoisoma habari ya arusi ya Muheza, akahuzunika kwa kifo cha mwalimu wa Bagamoyo ambaye hajapata kumwona, pale ndipo kitu fulani kilianza kushonwa. Serikali ilikuwa imechora mpaka wa koloni lake kwa risasi. Habari ndogo za mvua na misiba ndizo zilizowafanya waliomo ndani ya mpaka ule waanze kuulizana hali. Wengi husema umoja wetu uliletwa na wanasiasa wa miaka ya 1950, na mchango wao hauna ubishi. Lakini wao walishona juu ya uzi uliokwisha kupitishwa.

Nimelisifu gazeti lile vya kutosha. Sasa lazima niseme upande wake wa pili, nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwanza, soma Kiongozi la miaka ya 1905 hadi 1907 ukitafuta sauti ya Maji Maji. Vita vilianza Umatumbi, Julai 1905. Vilipokwisha, nchi ya kusini ilikuwa imechomwa moto, maghala yametiwa kiberiti, njaa imemaliza walioponyoka risasi. Makisio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika 300,000. Gazeti lile lilisimulia vita hivyo kwa mdomo wa serikali: waliopigana ni waasi, waliowapiga ni waleta amani. Habari ya mama wa Umatumbi aliyeona ghala lake likiwaka haikufika karakana ya Tanga, na kama ingefika isingepangwa herufi.

Pili, kiboko. Wazee wetu walikuwa na neno lao, "hamsa ishirini", yaani viboko 25, ambavyo mtu alipigwa bomani mbele ya watu. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, ilikusanywa na hao hao maakida na makarani tuliowaona wakituma salamu na mashairi. Huko Usambara, tangu mwaka 1907, mwanamume alipewa kipande, akatakiwa kufanya kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi minne. Aliyejaza karatasi hiyo alikuwa kijana wa shule. Kalamu iliyoandika "arusi ilifana" ndiyo iliyoandika jina la mtu wa kukamatwa. Hili tusilifiche. Wajukuu wa makarani wanakumbuka kanzu nyeupe na tarbushi ya babu. Wajukuu wa wapagazi na wa mashamba ya mkonge wanakumbuka kitu kingine. Wote wanasema kweli.

Tatu, wanawake. Shule ya serikali ilikuwa ya wavulana. Wasichana wachache walisomeshwa na misheni, Magila na kwingineko. Kwa hiyo katika habari zile ndogo mwanamke huonekana akiolewa, akizaa na akifa, na jina lake mara nyingi ni mke wa fulani au mama fulani. Nani aliyepika siku ile ya ngoma ya siku tatu? Nani aliyetunga zile nyimbo za arusi? Aliyeshika kalamu hakuona kuwa ni habari, kama mimi nilivyoona juu ya paa la mabati. Ukimya wao ni mrefu kuliko gazeti lenyewe.

Na hata hao waliosomeshwa na serikali walikuwa wachache. Ilipofika mwaka 1914 shule zote za serikali zilikuwa na wanafunzi kama 6,000 katika nchi yenye mamilioni ya watu. Shule za misheni zilikuwa na zaidi ya 100,000, wengi wao katika madarasa ya kusoma na kuandika kidogo pamoja na dini. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mji ule mdogo na shule yake, tunazungumza juu ya tone.

Ila tone lile lilikuwa la wino, na wino huenea.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika, Tanga ilikuwa ya mwanzo kuonja. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitia nanga, zikashusha askari, wengi wao wakiwa Wahindi. Walikuwa kama 8,000 dhidi ya watu kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck, askari wake wengi wakiwa Waafrika. Siku chache baadaye Waingereza wakarudi melini wameshindwa, na mpaka leo watu wa Tanga husimulia nyuki waliotoka mizingani na kuwavamia wapiganaji. Lakini mwaka 1916 Waingereza walirudi kwa njia ya nchi kavu, na Julai mwaka huo Tanga ikawa mikononi mwao. Shule ikafungwa. Kiongozi likafa. Vijana waliojua Kijerumani kidogo wakaamka asubuhi moja na kukuta kwamba lugha waliyopigiwa viboko ili waijue haina mnunuzi tena.

Na makarani wa upande wa pili nao walikuwa wameonja. Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891 na kusomeshwa Kiungani na wamisionari wa Kiingereza, alikuwa miongoni mwa waliotiwa kifungoni na Wadachi wakati wa vita, kwa kushukiwa kwamba ni watu wa Waingereza. Maisha yake aliyaandika mwenyewe, yakatolewa mwaka 1936 katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham.

Baada ya vita Kayamba alifanya kazi ya ukarani Tanga. Hapo mjini palikuwa na makundi mawili ya watu wa kalamu: wale wa Kiungani na Magila, Wakristo waliojua Kiingereza, na wale wa shule ya Tanga, wengi wao Waislamu, waliolelewa na Wadachi. Vita vilikuwa vimewaweka pande mbili, na wakubwa wapya wangefurahi wakikaa hivyo. Lakini mwaka 1922, pale pale Tanga, Kayamba na wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa serikali, na wakakifungulia mlango kila mmoja bila kuuliza dini wala kabila. Walikuwa na nyumba ya kukutania, na ndani yake waliweka nini? Magazeti ya kusoma, masomo ya jioni, na timu ya mpira. Tena mambo madogo! Mwaka 1929 makarani na walimu wa Dar es Salaam waliunda African Association. Mwaka 1948 ikawa TAA. Na mwaka 1954 TAA ikazaa TANU. Sitaki kudai kwamba TANU ilizaliwa katika karakana ya kupiga chapa ya Wadachi. Nasema tu kwamba watu waliozoea kupeana habari za misiba walikuwa wamekwisha kuzoeana kabla ya kuulizwa kama wanataka kujitawala.

Na Waingereza nao walielewa mchezo. Januari 1923 walianza gazeti lao la Kiswahili, Mambo Leo, na likawa maarufu kwa sehemu yake ya habari kutoka miji mbalimbali: shule, ngoma, mvua, arusi, misiba. Walibadilika wenye mtambo. Walioandika hawakubadilika.

Sasa nirudi kwa wazee wangu watatu. Kesi yao ilikwisha kwa suluhu, ambayo ni jina la heshima la kupoteza nusu. Uwanja ulikatwa. Watoto wa shule ile leo wanacheza mpira goli moja likiwa karibu na goli lingine kama majirani, na jina la mzee aliyetoa shamba lote halijulikani kwa mtoto hata mmoja. Nilikuwa nalo mkononi siku moja, kwa mwandiko mzuri, na tarehe juu yake.

Ndiyo maana nakwambia, ndugu yangu, usingoje gazeti wala redio. Sisi wenye mitambo tuna desturi yetu ya zamani ya kutazama wakubwa. Jumapili hii, kama una mzee nyumbani, mkalishe umwulize alisoma wapi, nani alikuwa mwalimu wake, darasa liliezekwa kwa nini, na walicheza ngoma gani. Mwulize na bibi, tena umwulize kwanza, maana yeye aliachwa nje ya magazeti yote niliyoyataja. Uliza hata yale machungu: nani alipigwa, nani aliandika majina, nani alinyang'anywa nini. Kisha andika kwenye daftari la kawaida la shule. Weka jina, mahali na mwaka. Usilipambe, usiliongezee chumvi. Mpambe wa habari ndiye muuaji wake. Na kama wewe ni mwalimu mkuu, litazame daftari la kumbukumbu la shule yako leo hii kabla mchwa hawajalitazama.

Nasi huku chumba cha habari nimeweka boksi moja la bati chini ya meza yangu. Vijana wananicheka, kama nami nilivyomcheka yule mwalimu. Kila barua inayofika ikisema mvua imenyesha, darasa limeezekwa, mzee fulani amezikwa, hata kama haisomwi redioni, naiandika tarehe juu yake, naitia humo, nafunika.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.